Breki za thrashi: kitu Power Trip walichokiokota kwa wazee

Ikitajwa thrashi metali neno la kwanza linalomtoka mtu ni spidi. Magitaa yanakimbia, dramu zinakimbia, mwimbaji anabweka kama anafukuzwa, na mashabiki wakongwe wanaweza kukesha wakibishana mwaka 1986 ni bendi gani ilikimbia kuliko zote. Mi huo ubishi ulishanichosha kitambo, na kilichonimaliza kabisa ni albamu ya bendi moja ya Dallas, Texas. Inaitwa Nightmare Logic, bendi ni Power Trip, ilitoka tarehe 24 Februari 2017. Watu wanaisifia kwamba imerudisha moto wa thrashi ya zamani, sawa, sina ugomvi na hilo, ila ukiwauliza imerudisha nini hasa wanakwambia spidi na hasira, hapo ndo njia zetu zinapoachana. Kaa nayo mara kadhaa utaona sehemu tamu karibu zote za hii albamu ni zile ambazo bendi inakanyaga breki.

Hebu anza na traki ya pili, Executioner's Tax (Swing of the Axe). Kwa viwango vya thrashi huo wimbo unatembea. Unatembea kabisa, tena kifua mbele, kama jamaa anayejua hakuna wa kumgusa. Rifu kuu, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ina noti chache, mtu aliyeshika gitaa miezi michache anaipata, dramu inaweka mdundo ambao hata asiyeijua metali atajikuta anatikisa kichwa, na kiitikio ni maneno machache ya kuimbwa na ukumbi mzima hata na wale waliofika wamechelewa. Na ndo wimbo wao mkubwa kuliko zote. Yaani bendi ya thrashi, wimbo unaowatambulisha duniani ni wa mwendo wa kati. Ukiniambia hiyo ni bahati tu, sikuelewi.

Albamu yenyewe ni fupi, nyimbo 8, dakika kama 32 hivi, basi. Ilitolewa na Southern Lord, lebo iliyoanzishwa 1998 na Greg Anderson na Stephen O'Malley, haohao wa Sunn O))), bendi ambayo noti moja inaweza kukaa hewani mpaka ukasahau ilianza lini, kwa hiyo kuna kichekesho fulani hapo, albamu ya thrashi iliyosifiwa kuliko karibu zote za muongo ule imetoka nyumbani kwa watu wa polepole. Na angalia ilitoka wakati gani. Wakongwe wenyewe hawakuwa wamelala. Metallica walikuwa wametoa Hardwired... to Self-Destruct Novemba 2016, diski mbili, dakika 77. Kreator walitoa Gods of Violence Januari 2017. Megadeth walichukua Grammy tarehe 12 Februari 2017, na wakati wanapanda kuichukua bendi ya ukumbini ikawapigia Master of Puppets, sasa fikiria Dave Mustaine, kiongozi wa Megadeth aliyetimuliwa Metallica mwaka 1983, anaenda kupokea tuzo yake huku anapigiwa wimbo wa Metallica, aisee kuna mambo hata mtunzi wa vichekesho angeona amezidisha. Siku kumi na mbili baadaye ndo wakaingia hawa vijana wa Dallas na nusu saa yao, na kwa masikio yangu ile nusu saa ilikuwa na thrashi nyingi kuliko zile dakika 77.

Sasa kwa nini? Ili kujibu lazima turudi nyuma kidogo, na sio kule ambako watu huwa wanarudi.

Hadithi ya kawaida ya thrashi inaanza Julai 1983 na Kill 'Em All ya Metallica, halafu unaletewa Slayer, Exodus, Anthrax, Megadeth, unaambiwa vijana wa Marekani walisikia metali ya Uingereza, Motörhead, Diamond Head, Venom, wakaamua kuipiga kwa haraka zaidi. Ni kweli ila ni nusu. Nusu ya pili ni panki, tena ile panki kali ya hadkori, na hiyo nusu huwa inatajwa kwa sentensi moja halafu watu wanaendelea kuongelea solo za gitaa. Discharge, bendi ya Stoke-on-Trent, walitoa Hear Nothing See Nothing Say Nothing mwaka 1982 wakiwa na mdundo wao wa dramu ambao mpaka leo unabeba herufi ya jina lao, unaitwa di-biti. Metallica wamewapiga Discharge mara mbili kwenye Garage Inc. ya 1998. Slayer walitenga karibu albamu nzima, Undisputed Attitude ya 1996, kupiga nyimbo za bendi za hadkori zilizowalea. Hakuna anayelipa deni asilodaiwa.

Na hadkori iliwaletea nini? Spidi, ndio, lakini pia iliwaletea kushuka. Kwenye shoo za hadkori watu hawasimami kuangalia vidole vya mpiga gitaa, wanacheza, wanagongana, wanapanda jukwaani na kujirusha, na mwili wa binadamu una ukomo wake, huwezi kukimbia duara moja dakika tatu mfululizo bila kupewa nafasi ya kupumua na kujipanga. Kwa hiyo bendi zikajifunza kwamba katikati ya wimbo kuna mahali pa kukata moto na kuangusha mdundo mzito wa polepole, hapo ndo moshpiti, lile duara la watu wanaogongana, inafunguka (msije mkadhani ina uhusiano na moshi, ingawa ukitoka humo unakuwa unafuka). Hiyo ndo breki ninayoiongelea.

Kiufundi ni kitu rahisi mpaka unaona aibu kukieleza. Rifu ya thrashi inapigwa kiganja kikiwa kimelazwa juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, sauti inakuwa kavu, fupi, ya kukatakata, karibu na ngoma kuliko na kinanda. Dramu ikikimbia, sneya (ile ngoma ndogo ya mlio mkali) inajibu kila pigo la teke (ile ngoma kubwa ya mguuni). Sasa breki yenyewe: gitaa linaweza kuendelea na rifu ileile kwa kasi ileile, ni mpiga dramu tu anapunguza, sneya iliyokuwa inagonga mara mbili inagonga mara moja, na ghafla rifu uliyokuwa unaisikia kama cherehani inakuwa nyundo. Hakuna noti iliyobadilika. Kilichobadilika ni pale mwili wako unapohesabu.

Kama huamini chukua albamu ambayo kila mtu anaitaja kwa spidi, Reign in Blood ya Slayer, Oktoba 1986. Nyimbo 10, haifiki hata nusu saa, fupi kiasi kwamba toleo la kaseti liliweka albamu nzima upande mmoja halafu ikairudia nzima upande wa pili. Dave Lombardo kwenye dramu humo ndani ni hatari, sehemu nyingi ni zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Lakini waulize watu wanakumbuka nini. Wanakumbuka katikati ya Angel of Death, pale wimbo unaposhuka na ile rifu nzito inajirudia. Na sio watu wa metali peke yao walioisikia, kundi la rap la Public Enemy walipokuwa wanatafuta kipande cha kukata kwenye rekodi ya mtu mwingine na kukitumia kwenye She Watch Channel Zero?! mwaka 1988 walichukua hicho kipande, kile cha polepole, sio kile cha kukimbia. Ukumbuke Reign in Blood na albamu ya Public Enemy zote zilipita lebo ya Def Jam, na produsa wa Slayer alikuwa Rick Rubin, mtu wa rap. Masikio ya hip hop yalikuwa yanatafuta kitu cha kutikisia kichwa na yaliikuta Slayer ikiwa nayo, imekaa pale katikati ya kelele zote.

Mwaka huohuo 1986 huko New York Cro-Mags walitoa The Age of Quarrel, rekodi ya hadkori yenye magitaa ya metali, na kwangu mimi hiyo ndo babu halisi wa Nightmare Logic kuliko rekodi yoyote ya San Francisco, kitovu cha thrashi. Mwaka mmoja kabla, S.O.D. walikuwa wameshachanganya hizo damu mbili kwa utani mwingi, Exodus walikuwa na Bonded by Blood ambayo Paul Baloff anaimba kama mtu aliyeingia studio akiwa bado anapigana nje, halafu 1987 Anthrax wakaja na Among the Living, na kwenye wimbo wa Indians kuna mahali kila kitu kinasimama, mwimbaji anatoa amri, na breki inaangushwa. Hakukuwa na siri. Wazee walijua kwamba spidi bila kushuka ni kama mtu anayeongea bila kupumua, ukimsikiliza dakika mbili unaanza kuangalia mlango.

Halafu vitu vikaachana. Ukifika 1991 Metallica wametoa ile albamu nyeusi, Nirvana wamelipuka, na kila mtu anachagua upande. Kilichonivutia kwenye kipindi hicho ni jinsi urithi ulivyogawanywa kama mali ya marehemu. Spidi ikachukuliwa na deth metali na wenzake, wakaenda nayo mbali sana mpaka ikawa kama hesabu. Breki zikachukuliwa na bendi za gruvu, metali nzito ya mwendo wa kati, Pantera wa hapohapo Texas wakiwa mbele, Vulgar Display of Power ya 1992 ni breki mwanzo mwisho. Sepultura kutoka Belo Horizonte unaweza kuwasikia wakihama ndani ya miaka minne tu, kutoka Beneath the Remains ya 1989 inayokimbia mpaka Chaos A.D. ya 1993 inayokanyaga. Zote mbili ni rekodi kubwa, sizisemi vibaya hata moja, ila thrashi yenyewe, ile ya kuwa na vyote viwili ndani ya wimbo mmoja, ilibaki bila mrithi.

Miaka ya 2000 ikaja ile kitu watu waliita ufufuo wa thrashi. Hapa nitasema wazi japo kuna watakaonuna. Bendi nyingi za ule ufufuo zilifufua kabati la nguo. Jinzi za kubana, viatu vya shingo ndefu vyeupe, koti la jinzi lisilo na mikono lililoshonewa viraka mpaka hakuna pa kuweka kingine, logo zenye ncha, mizoga na mionzi ya nyuklia kwenye kava. Na muziki ukawa spidi tupu, kwa sababu spidi ndo kitu kinachoonekana kwa nje, ndo kitu unachoweza kukipima na kukishinda. Municipal Waste wa Richmond nawatoa kwenye hilo kundi, wale walitoka kwenye panki kwelikweli na The Art of Partying ya 2007 inajua kabisa inafanya utani gani na kwa nini. Havok nao wana nyimbo. Vektor walienda zao anga za juu huko, ni habari nyingine. Lakini kwa ujumla ulikuwa unasikiliza albamu ya dakika 45 na ikiisha hukumbuki rifu hata moja, unakumbuka tu kwamba walikuwa na haraka.

Power Trip walianza 2008 katikati ya huo ufufuo, ila hawakuanzia kwenye kabati, walianzia kwenye shoo za hadkori za Texas. Na Texas kwenye hili ina historia yake ambayo husahaulika kwa sababu kila mtu anaangalia California. D.R.I. ni watu wa Houston, walianza huko 1982 kabla ya kuhamia San Francisco, rekodi yao ya kwanza ya 1983 ilikuwa na nyimbo 22 kwenye kisahani kidogo cha inchi saba, na walivyofika 1987 wakatoa albamu waliyoiita Crossover, na hilo jina, krosova, likabaki kuwa jina la mtindo mzima wa kuchanganya hadkori na metali. Dallas kulikuwa na Rigor Mortis. Austin baadaye kukawa na Iron Age, The Sleeping Eye yao ya 2009 ukiisikiliza leo unasikia mlango uleule ambao Power Trip walipitia. Chris Ulsh anayepiga dramu Power Trip ametokea pia Mammoth Grinder, bendi ya Austin isiyojali mpaka kati ya deth na hadkori. Hawa ni watu waliokua wakipigia umati unaocheza, sio umati unaopiga picha.

Ndo maana ukiweka Nightmare Logic unasikia wimbo umejengwa kuanzia sakafuni. Soul Sacrifice inafungua na vishindo na ukungu fulani kabla rifu haijaingia, na ikiingia haikimbii mara moja, inasubiri, inakuzoesha, halafu ndo inaachia. Firing Squad ndo yenye kukimbia kuliko zote za mwanzoni, kuna Discharge humo wazi kabisa, lakini imewekwa baada ya Executioner's Tax kwa makusudi, ukishatembea ndo unaelewa kukimbia ni nini. Huo mpangilio wa traki tatu za kwanza, anza kwa kujivuta, tembea, kimbia, ni ujanja mdogo ambao ukishaugundua unaona bendi nyingine zinavyokosea, wanaanza na wimbo wa haraka kuliko wote halafu wanabaki na dakika 40 za kushuka thamani. Wimbo wenye jina la albamu una yale mabadiliko ya ghafla ya mdundo ambayo Blake Ibanez na Nick Stewart kwenye magitaa wanayafanya bila kutangaza, huoni kona mpaka umeshapita. Na Waiting Around to Die, ambayo haihusiani na wimbo wa jina hilohilo wa Townes Van Zandt wa 1968 (naye Mtexas, sijui kuna kitu gani kwenye maji yao), inajengwa taratibu mpaka unajikuta unaidai breki kabla haijafika. Sasa hiyo ndo shule ya zamani. Kukufanya uidai.

Solo pia, tuziseme kidogo. Ni fupi, zinapiga kelele, ule mpini wa kupinda nyuzi unatumika bila huruma kwa mtindo wa Kerry King na Jeff Hanneman wa Slayer, na zikimaliza zinatoka. Hakuna anayekuonyesha cheti.

Sauti ya rekodi ni jambo ambalo ningeweza kuliongelea peke yake kutwa nzima. Produsa ni Arthur Rizk, ambaye mwenyewe ni mpiga gitaa wa Sumerlands, na alichofanya hapa ni kinyume na desturi ya metali ya miaka ile. Desturi ilikuwa kila pigo la dramu linasafishwa kwenye kompyuta, linabadilishwa na sampuli, linapangwa kwenye mstari mpaka mpiga dramu anasikika kama mashine ya kuchapa. Rizk ameacha chumba. Unasikia sneya ikigonga na mwangwi wake unazunguka, unasikia besi ya Chris Whetzel ikikwaruza chini ya magitaa, na sauti ya mwimbaji Riley Gale imerushwa kwenye mwangwi mkubwa kama mtu anayehutubia ndani ya pango. Huo mwangwi kwenye sauti ni wa zamani kabisa, uko kwenye Kreator ya mwanzo, uko kwenye Sepultura ya mwanzo, na yale mikoromo ya Gale mwanzoni mwa rifu nzito, yale ya mtu anayenyanyua gunia, hayo mwalimu wake ni Tom Warrior wa Celtic Frost, hakuna ubishi. Tofauti ni kwamba miaka ile mwangwi ulikuwa pia unaficha umaskini wa studio. Hapa haufichi kitu, kila chombo kina uzito wake, mwangwi umewekwa kama rangi. Kwa hiyo inasikika kama 1987 unavyoikumbuka, sio 1987 ilivyokuwa, maana ukienda kusikiliza rekodi nyingi za mwaka huo leo utashangaa zilivyo nyembamba.

Kava limechorwa kwa mkono na Paolo Girardi wa Italia, aliyewachorea pia Manifest Decimation ya 2013, na lenyewe ni msongamano wa miili na mateso ambao ukiuangalia kwenye skrini ndogo huuoni vizuri. Ni kava la sahani ya santuri. Nalipenda hilo, sitalirefusha.

Maneno ya nyimbo ni mahali ambapo ushawishi wa zamani ungeweza kuwaangusha. Thrashi ya miaka ya themanini ilikuwa na hofu yake halisi, Vita Baridi, mabomu ya nyuklia, Nuclear Assault walijiita hivyo kwa sababu watu walikuwa wanalala na hiyo hofu. Bendi za ufufuo zikaendelea kuimba nyuklia kama mapambo. Gale aliacha mapambo akabaki na mbinu, yaani kuchukua hofu ya wakati wako na kuipa sura ya kutisha. Yule mnyongaji wa Executioner's Tax anadai kodi, hebu litafakari hilo jina, umetoka wapi uhusiano wa shoka na risiti kama sio kwa mtu anayeangalia jinsi walio chini wanavyolipia kunyongwa kwao wenyewe? Na If Not Us Then Who ni swali la hadkori tupu, swali la mtu aliyesimama mbele ya umati anaoufahamu kwa sura. Hakuna mapepo humo. Ukiyaona mapepo ujue ni watu.

Sasa wapo wanaosema haya yote ni kunakili tu, kwamba hakuna kitu Nightmare Logic inafanya ambacho hakikufanywa kabla ya 1990. Nimelifikiria sana hili pingamizi kwa sababu sio la kijinga. Ukichukua kila tofali peke yake ni kweli, rifu hii ni ya Exodus, mdundo huu ni wa Cro-Mags, mkoromo huu ni wa Celtic Frost, mwangwi huu ni wa Kreator. Lakini hebu nitajie rekodi moja ya kabla ya 1990 iliyokuwa navyo vyote hivi kwa pamoja. Haipo, kwa sababu wakati ule watu wa hadkori na watu wa metali bado walikuwa wanapigana ngumi ukumbini, na waliojaribu kuchanganya mara nyingi upande mmoja ulikuwa unalegea, Leeway labda ndo walikaribia sana na Born to Expire ya 1989. Ilibidi apatikane mtu aliyekulia baadaye, anayeziona hizo rekodi zote zimepangwa kwenye rafu moja bila ugomvi wao, ndo aone kumbe zilikuwa zinaongea jambo moja.

Haina maana haina kasoro. Nusu ya pili ya albamu inachoka kidogo, Ruination na If Not Us Then Who zikifuatana kuna siku nashindwa kusema ipi imeishia wapi, na Gale ana sauti moja tu, sauti nzuri sana lakini ni moja, kama wangeongeza dakika kumi zingewashinda. Ndo maana ule ufupi naona ni akili kuliko uvivu. Crucifixation inakuja kufunga na inaokoa, ila ukweli usemwe, nikiwa na muda mfupi tu nasikiliza traki nne za kwanza narudi kazini.

Kinachonikera zaidi ni kilichofuata. Baada ya 2017 ghafla kila bendi changa ya krosova ina mwangwi kwenye sauti, ina mkoromo kabla ya rifu, ina kava lililochorwa kwa rangi za mafuta lenye miili. Yaani kabati limefunguliwa tena, safari hii na nguo za Power Trip. Wapo waliosikia vizuri, Mindforce wa New York na Excalibur yao ya 2018 wanajua breki inakaa wapi, Enforced wa Richmond wanajua pia. Wengi wengine wamechukua mwangwi wakaacha mdundo.

Riley Gale alifariki tarehe 24 Agosti 2020 akiwa na miaka 34. Miezi miwili kabla bendi ilikuwa imetoa rekodi ya laivu ya shoo ya Seattle ya Mei 2018, na ni kutoka humo ambapo Executioner's Tax, huohuo wimbo unaotembea, uliteuliwa Grammy ya metali ya 2021. Bendi ilikaa kimya mpaka Desemba 2023 walipopanda jukwaani Austin na Seth Gilmore kwenye maiki. Ile Grammy hawakuipata. Ilienda kwa Body Count, bendi ya metali ya Ice-T, mtu wa rap, kwa wimbo kutoka Carnivore, na ukiisikiliza hiyo Carnivore mpaka unafika Point the Finger utakuta mgeni aliyealikwa kuimba humo ni Riley Gale.